Kilio cha Fotei Nne

Jumapili, 2 Mei 1982

Siku iliyoanza vizuri na kuharibika saa sita. Baada ya misa padri wetu, Abbé Séraphin, alisoma majina ya watu wa parokia waliokubaliwa na Chama kugombea kiti cha mshauri wa zone, yaani wilaya, kwa mtaa wetu wa Kikula hapa Likasi. La kwanza: citoyen Kabulo. Ndiye mimi. Ofisini ni raia Kabulo tangu majina ya ubatizo yalipokatazwa. Kanisani na nyumbani nimebaki Germain, fundi wa kushona abacost, suti za kizalendo zisizo na tai. Nilisimama kidogo ili watu waone mabega ya abacost yangu. Yamekaa vizuri sana.

La pili lilikuwa la Philippe. Jirani yangu! Mtu wa kiwanda cha Shituru, mdogo kwangu kwa umri, kwa urefu na kwa akili. Watu walimpigia makofi marefu kuliko yangu. Hata Abbé alitabasamu, na Abbé hatabasamu ovyo.

Nafika nyumbani, lori limesimama kwa Philippe. Wanashusha frigo, jokofu zima. Nyeupe, ndefu kuliko mwenyewe, mpini unang'aa. Mtaa mzima umetoka nje kutazama kana kwamba askofu amefika. Mke wangu Simone akasema ni frigo nzuri. Akalirudia tena wakati wa kula. Nikaisukuma bukari, ugali wetu, pembeni.

Nikamuuliza Simone mtu wa kiwanda anatoa wapi frigo. Akajibu kwamba hajui, na kwamba hiyo hasira yangu haitapoza maji. Si hasira. Ni uchungu wa nchi.

Jumatatu, 3 Mei

Simone amekwenda kwao Mulungwishi, dada yake amejifungua. Atarudi wiki ya pili. Vizuri. Siasa haitaki mke anayeuliza maswali.

Kazi imeanza. Raha ya fundi ni hii: mteja akishazungukwa na futi ya kupimia hawezi kukimbia mazungumzo. Kila aliyekuja kupimwa nilimuuliza kwa upole, eti ile frigo ya Philippe imetoka wapi. Basi. Sikusema neno la uongo hata moja. Jioni swali langu lilinirudia likiwa na majibu matatu: almasi, shaba ya magendo, na mjane mmoja wa Lubumbashi. Lisemwalo lipo.

Hesabu ya kura ilivyo: wanakwaya ni wangu, kwa sababu nimemwahidi Georges, mwalimu wao, kanzu mpya kwa kwaya nzima. Legio Maria, kikundi cha sala cha parokia, ni wa Philippe, kwa sababu aliezeka upya kibanda cha Bikira. Kundi kubwa ni kina mama wa parokia, na kina mama hufuata anakoelekea Mama Bibiane, mwenyekiti wao. Mama Bibiane bado hajaelekea popote. Atakayempata huyo amepata kiti.

Nami kiti nakitaka. Nimeshona nguo za washauri wa zone kwa miaka. Nawajua viuno vyao vyote. Hakuna hata mmoja anayenizidi kitu.

Jumatano, 5 Mei

Mkutano wa parokia. Abbé amechoka. Alisema uchaguzi umeingia mpaka sakristia. Kwaya wanakaa kushoto, Legio kulia, na katikati kuna benchi tupu ambalo hata kuku hathubutu kupita. Wakati wa kupeana amani, mikono inaishia kwenye benchi lile. Jana, misa ya asubuhi, Georges aliomba katika sala za waamini tuwaombee wanaopenda vitu vya baridi. Upande wa kulia haukuitikia. Kisha mtu wa Legio akawaombea wenye ndimi ndefu, na upande wa kushoto ukakohoa.

Ndipo nikasimama. Wazo lilinijia hapo hapo, nadhani kutoka juu. Nikasema kinachotugawa ni shaka, na dawa ya shaka ni nuru. Kila mgombea afungue nyumba yake. Baada ya misa waamini wote waingie, waone, waguse, na waulize kila kitu: hiki ulikipata wapi? Anayetaka kutuongoza asiwe na mlango uliofungwa.

Makofi! Pande zote mbili! Nilimtazama Philippe nimwone akitoka jasho. Alikuwa anapiga makofi naye. Akaomba nyumba yake itangulie, Jumapili hii. Yangu itafuata Jumapili ya tarehe kumi na sita. Mama Bibiane akasimama na kusema:

"Minye mwenyewe nitaingia. Hata chini ya kitanda nitaangaria."

Nilicheka kuliko wote. Usiku huu nalala nikiiona ile frigo mbele ya watu, na Philippe akijificha nyuma yake.

Jumapili, 9 Mei

Sitaki kuandika, lakini nitaandika.

Parokia nzima ilimiminika kwa Philippe. Mimi mbele. Sikugusa chai yake. Nikaelekeza kidole kwenye frigo na kuuliza, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, hii umeitoa wapi. Philippe akasema ameachiwa na mhandisi mmoja aliyerudi kwao Ulaya, kwa sababu moteur, ile mashine yake, ilikufa zamani na hakuna aliyetaka kuibeba. Akafungua mlango. Ndani: unga wa mwezi, viatu vya watoto, na kuku amelalia mayai kwenye sanduku la chini. Frigo yake ni kabati la kuzuia panya.

Nilingoja watu wamcheke. Badala yake mama mmoja alifuta machozi. Legio wakaimba. Mpaka wanakwaya wangu wakaimba! Mama Bibiane aliinua godoro, akafungua sufuria, akanusa mto, akakuta mashuka yenye viraka. Akamshika Philippe bega na kusema nyumba yake ni safi.

Kumbe hana kitu. Nimekuwa nikimwonea wivu mtu asiye na kitu, na bado wivu haujaisha. Hata umaskini wake unamkaa vizuri kuliko utajiri wangu unavyonikaa mimi.

Nikarudi nyumbani, nikajitupa kwenye fotei, kiti changu chenye mikono. Nikaona njiwa.

Niliandike mara moja liishe. Fotei zangu nne, zile za mbao ya mninga, zimevikwa kitambaa cha bluu chenye njiwa weupe. Ndicho kitambaa cha sare ya kina mama. Miaka miwili iliyopita, kwa jubilei ya parokia, waliniletea robota nzima niwashonee. Niliwaambia hakikutosha. Mama Bibiane alikuwa wa mwisho kushonewa, naye si mwanamke mdogo, kwa hiyo sketi yake iliishia magotini. Alimpokea askofu hivyo hivyo, miguu nje.

Si wizi. Sheria ya ufundi inajulikana toka enzi za baba yangu: masalio ni ya fundi. Tatizo ni kwamba masalio haya yalibaki kabla sijaanza kukata.

Wateja nawapokea barazani, salon, sebule yetu, ni ya familia, na Simone ni Metodisti, hana sare ya njiwa. Aliuliza mara moja, nikamjibu masalio, akakaa. Lakini Jumapili ijayo ataingia Mama Bibiane, na Mama Bibiane anainua magodoro. Nani alileta wazo hili la kufungua nyumba?

Jumanne, 11 Mei

Nilijaribu kuvua kitambaa. Seremala alikigongomea kwa misumari midogo pande zote. Niling'oa mmoja, sponji ikaanza kumomonyoka kama mkate mkavu. Nikaacha.

Nilijaribu kukitia rangi nyeusi. Njiwa walikataa. Mikono yangu ndiyo iliyokubali. Nimefungua duka leo na vidole vya mchimba makaa. Kufunika fotei kwa shuka hakusaidii, yule mama hufunua.

Jioni likaja wazo lenyewe. Philippe alipendwa kwa nini? Kwa kukosa. Basi nami nitakosa zaidi. Watu wakiingia wataona ukuta na mkeka, na fundi mnyenyekevu aliyevisha mji mzima akabaki hana pa kukaa. Fotei zinapotea, na huruma inakuja. Ndege wawili kwa jiwe moja, na wote ni njiwa.

Alhamisi, 13 Mei

Alfajiri Georges alikuja na mkokoteni. Fotei tulizifunga mashuka na kamba. Nilimwambia mchwa wameingia kwenye mbao na zikae kwake mpaka zitibiwe. Georges ni mtu wa kuimba, haulizi. Meza ikaenda, kabati la vyombo likaenda, redio ikaenda. Nikafagia salon na kutandika mkeka mmoja. Baridi ya mwezi huu ni kali, nikawasha moto uani, nikachoma matambara yaliyoharibika kwa rangi. Moshi ulinijaa machoni. Nikaketi kwenye jiwe kando ya moto, sijanyoa, macho mekundu, mlango wazi nyuma yangu, nikiifurahia kazi yangu.

Mama Bibiane alikuwa anapita kwenda sokoni.

Akasimama. Akatazama moto uani. Akatazama salon iliyotolewa vyombo vyote, mkeka chini. Akanitazama mimi. Nami bado sikuelewa. Mtu mzima wa Likasi, niliyelala vilio mia, matanga ya moto uani na salon tupu, sikuelewa nimefanya nini nyumbani kwangu mpaka alipotupa kapu lake chini na kushika kichwa.

"Yesu wangu! Baba Germain! Ni Simone? Ni Simone alikufa?"

Nikasema hapana, hapana, Simone ni mzima. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Akauliza ni nani basi. Akajitupa kwenye mkeka, analia tayari, anangoja jina la kulilia. Nifanyeje? Nikisema hakuna aliyekufa, atauliza vyombo viko wapi. Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikasema mjomba. Mjomba Théodore wa Kapolowe.

Mjomba Théodore ana afya ya fahali. Mungu anisamehe, ndiye aliyenijia.

Mpaka saa tatu ua ulikuwa umejaa. Kuni zimekuja, masufuria yamekuja, mikeka imekuja. Wanawake ndani, wanaume motoni. Nimepewa pole mpaka mkono unauma.

Ijumaa, 14 Mei

Jambo la ajabu. Kwaya na Legio wameketi kwenye moto mmoja. Mama wa kushoto anasonga bukari, mama wa kulia anachambua sombe, yale majani ya muhogo, wanapeana chumvi. Georges anaimbisha na Legio wanaitikia. Abbé alisimama langoni akatazama muda mrefu. Alisema kifo hiki kimefanya kile mahubiri yake yalichoshindwa.

Na zaidi. Nilimsikia Mama Bibiane jikoni akiwaambia wenzake kwamba mtu aliyefiwa, asiye na hata stuli ya kukalia, ndiye anayejua shida za watu. Wakaitikia. Kina mama ni wangu! Jumapili Abbé atasoma misa ya marehemu hapa hapa uani, na ziara ya nyumba itafanyika papo hapo kwa heshima, maana kila mtu ameshaona hakuna kitu. Nimeshinda. Mjomba amekufa vizuri.

Kero ni moja tu. Philippe.

Philippe alikuja jana mchana na gunia la unga, mgao wake wa kampuni wa mwezi mzima. Akapasua kuni. Akachota maji. Usiku amelala nje kwenye baridi, kando ya moto, na leo ametoka kazini akarudi moja kwa moja. Aliniambia:

"Yaya, weye ulale kiloko. Minye nitaangaria moto."

Yaya, kaka mkubwa, nilale kidogo! Mbele ya watu! Basi sasa kila anayeingia anampa pole yeye kwanza. Mzee mmoja wa mtaa wa Panda alimkumbatia, akamwambia mjomba alikuwa mtu mwema. Mjomba wangu! Kilio ni changu, marehemu ni wangu, mimi ndiye niliyemwua, na sifa anachukua Philippe. Nililia kwa sauti zaidi ili kumrudisha kila mtu kwangu. Philippe akalia pia, na kilio chake kilikuwa bora. Alikuwa analia kweli.

Jumamosi, 15 Mei

Habari husafiri haraka kuliko treni. Mulungwishi ilifika hivi: kuko kilio kwa Germain. Jina la marehemu lilidondoka njiani.

Saa nane nikasikia sauti ya Simone tangu kwenye kona. Amefungua nywele, ameshikwa na dada zake wawili wa Kimetodisti, analia:

"Germain wangu! Uliniacha na nani, eh? Na nani?"

Nilikuwa nyuma ya wanaume na paja la kuku mkononi. Naandika ukweli: sikutoka mara moja. Alisema mimi ni mtu mwenye moyo. Alisema hakuna mkono kama wangu Katanga nzima. Katika ndoa yetu sijawahi kusikia hayo. Nikasogea ili nisikie vizuri, na hapo akaniona.

Akanitazama, akalitazama lile paja, akachungulia salon. Huzuni yote ikamtoka usoni.

"Na fotei yangu iko wapi?"

Nilimvuta chumbani na kumweleza. Hakupiga kelele. Alifunga nywele zake na kusema yeye hatadanganya kwa ajili yangu, lakini pia hatasema, kwa kuwa ameshaaibika vya kutosha kwa kunililia bure. Kisha akaenda jikoni kuosha masufuria. Sasa anaongea na Philippe tu. Anamwita kwa heshima baba wa watoto wa jirani, na kumpa chai ya moto.

Jumapili, 16 Mei

Misa uani. Watu mpaka barabarani. Abbé akaanza kumwombea mtumishi wa Mungu Théodore, mkulima na mvuvi wa Kapolowe, aliyetutoka. Mama Bibiane alikuwa mbele, amevaa sare yake ya njiwa, ile ya magotini. Nililia vizuri leo. Nilimpita Philippe.

Katikati ya maombi lori la samaki likasimama langoni. Akashuka mzee mrefu, kofia mkononi, kapu la samaki begani. Akalitua kapu, akapiga magoti kwenye vumbi, akalia kwa sauti nzito iliyowafunika wote. Watu wakamsifu kwa kulia. Mimi machozi yalinikauka ghafla.

Philippe, kwa ule wema wake usio na mwisho, akaenda kumwinua. Akamuuliza yeye ni nani wa marehemu, apewe mahali pazuri pa kukaa.

"Minye njo Théodore, mujomba yake Germain. Nilisikia kuko kilio. Nani alikufa?"

Kuku wa mtu alipita mbele ya altare. Mjomba akauliza tena, akaanza kutaja ndugu mmoja mmoja: ni fulani? Ni fulani? Mtoto mmoja akamwonyesha kidole yeye mwenyewe, mama yake akaushusha mkono ule upesi.

Abbé akafunga kitabu chake polepole. Akaniuliza, mbele ya wote, kama hakuna aliyekufa, vyombo vilitolewa kwa nini. Nikajibu: mchwa. Ni kweli watu walinong'ona, lakini upande wangu wa kushoto walianza kuitikia kwa kichwa, mchwa wa Kikula wanajulikana. Ni kosa la kina mama kuona mfu pasipo mfu, nikasema. Jina la mjomba nililitaja tu kwa kumkumbuka, wakalisikia vibaya. Ilikuwa inaelekea kupita. Naapa ilikuwa inaelekea kupita!

Lakini kilio kina desturi yake. Kikiisha, majirani hawaendi makwao wakaacha nyumba tupu. Wanafagia ua, wanazima moto, wanarudisha vyombo mahali pake kwa mikono yao wenyewe. Na aliyesimama kukumbusha desturi hiyo alikuwa Philippe. Alisema mfu ama hakuna mfu, tumelala hapa siku tatu, hatuwezi kumwacha yaya yetu anakaa chini. Akauliza vyombo viko wapi. Georges, yule mpumbavu wa kuimba, akasema viko kwake, kwa mkokoteni tutavileta mara moja.

Nilisema msisumbuke. Nilisema wapo mchwa wa kuuma. Nilisema kesho. Abbé akaamuru vyombo viletwe, ziara ianze:

"Bon. Mufu haiko, bantu beko. Bilete bile bintu, na visite ianze."

Walikwenda wote, kushoto na kulia pamoja, wakarudi wakiimba. Fotei ya kwanza juu ya vichwa vya wanaume wawili, mmoja wa kwaya na mmoja wa Legio. Kamba ililegea kwenye lango. Shuka likaanguka.

Njiwa.

Wimbo ulikufa kuanzia mbele kwenda nyuma. Mama Bibiane akasogea mpaka kwenye fotei. Akachukua pindo la sketi yake, akaliweka juu ya mkono wa fotei. Bluu kwa bluu, njiwa kwa njiwa. Hakuniuliza nilikipata wapi. Aliuliza sababu tu, kwa sauti ndogo:

"Baba Germain, miaka miwili minye natembea na magoti inje. Njo juu ya hii?"

Nikafungua mdomo kueleza sheria ya masalio. Mjomba Théodore akavaa kofia yake. Simone akaingia ndani na kufunga mlango wa chumba.

Jumatatu, 17 Mei

Kina mama walirudi asubuhi, wote. Walivua kitambaa kutoka fotei zote nne kwa mkasi wangu mwenyewe, msumari kwa msumari. Niliwaeleza tena kwamba masalio ni haki ya fundi mahali popote duniani. Abbé, aliyekuja nao, akauliza kama hata yale yanayobaki kabla ya kukata. Mapadri wanasoma sana, hawajui ufundi.

Nimeamriwa kumshonea Mama Bibiane sketi ndefu, bure. Nimeshona siku nzima. Imetoka nzuri sana, inafika kisiginoni. Aliipokea bila kusema asante. Watu hawana shukrani.

Mjomba hataki kurudi Kapolowe. Anasema unga wa kilio chake ni haki yake, na hataondoka mpaka gunia liishe. Anakaa mlangoni na kumsimulia kila mpita njia jinsi alivyokufa.

Jumapili, 23 Mei

Philippe ameshinda. Sitaandika kura, ni fedheha. Kwaya ilimchagua, Legio ilimchagua, kina mama walimchagua. Georges alikiri, akisema kanzu ninazoshona mimi anaogopa zingekuwa fupi. Simone alisema kura ni siri, huku akitabasamu.

Kanisani lile benchi la katikati limejaa. Wakati wa amani, mikono ilivuka huku na huku mpaka nikapigwa kiwiko. Abbé akahubiri kwamba parokia imepona. Alimtaja Philippe, alimtaja Mama Bibiane, alimtaja hata mjomba Théodore. Mimi hakunitaja. Nani aliyewakusanya kwenye moto mmoja? Nani aliyeleta wazo la nuru? Nilimtazama Philippe akizungukwa na watu, mfupi, hana hata abacost ya maana, na nilimwonea wivu mpaka meno yakauma.

Jumanne, 25 Mei

Philippe amekuja dukani. Nilidhani amekuja kunicheka. Hapana. Ataapishwa wiki ijayo na anahitaji abacost. Nikamwambia mafundi wako wengi mjini. Akajibu:

"Yaya, ile mambo inaisha. Hapa fundi ni weye."

Kasamehe. Hata kusamehe ananizidi. Nilimpima kwa hasira, akasimama kimya, mikono juu. Kisha akanikabidhi kitambaa alichochangiwa na wenzake wa Shituru, akasema ananiamini, akaenda zake. Hakukipima. Nilimtazama mpaka alipokunja kona.

Kitambaa kizuri. Kizito, rangi ya kahawia iliyoiva, hakishiki vumbi. Nimekitandika mezani nikakipima mara mbili. Kirefu kuliko inavyotakiwa, na Philippe ni mtu mdogo. Abacost ikimbana kidogo kifuani atasimama wima zaidi, mshauri apaswa kusimama wima. Mlangoni salon inaonekana: fotei zangu nne ziko uchi, sponji nje, Simone ameketi juu ya mojawapo na mgongo ameugeuzia upande wangu.

Kahawia ingependeza na ukuta ule. Na sheria ni sheria, masalio ni ya fundi. Nimeyatenga tayari. Kesho naanza kukata.